Pembetatu ya Hesabu: Asili Yake na Majina Yake

Wako wanaodhani ya kuwa elimu ya lugha na elimu ya hesabu ni nyumba mbili zisizo na mlango kati yake, na ya kuwa akaaye katika moja hana haja ya kubisha hodi katika ya pili. Katika makala haya twataka kueleza habari za kitu kimoja kilichozaliwa katika nyumba ya lugha, kikalelewa katika nyumba ya hesabu, na mwisho kikapewa jina la mtu aliyekuja nyuma sana. Kitu hicho ni mpangilio wa namba ulio katika umbo la pembetatu, ambao vitabu vingi vya shule huuita Pembetatu ya Pascal. Pascal alikuwa Mfaransa wa karne ya 17. Lakini namba zenyewe zilikwisha kuandikwa Bara Hindi, Baghdad, Uchina na Marrakesh karne nyingi kabla yake.

Basi twauliza maswali mawili. La kwanza, watu wa nchi hizo mbalimbali walifikaje kwenye namba zile zile? La pili, je, kufanana huko ni ushahidi kwamba waliazimana? Swali hili la pili lawahusu wote wanaochunguza mila na maneno ya watu, maana ni rahisi sana kuona mambo mawili yaliyofanana na kutamka mara moja kwamba moja ni mzazi wa jingine.

Kwanza na tuione pembetatu yenyewe:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1
1 5 10 10 5 1

Kila mstari huanza kwa 1 na kuishia kwa 1. Na kila namba ya katikati ni jumla ya namba mbili zilizo jirani katika mstari wa juu yake. Hivyo 6 imetokana na 3 na 3, na 10 imetokana na 4 na 6. Hakuna kanuni nyingine. Mtoto ajuaye kujumlisha aweza kuiendeleza mpaka karatasi imwishie. Mstari wa juu kabisa huhesabiwa kuwa wa sifuri, ili mstari wa 1 4 6 4 1 uitwe wa nne. Tukijumlisha kila mstari twapata 1, 2, 4, 8, 16, 32, kila jumla ikiwa mara mbili ya ile iliyotangulia.

Habari za kale kuliko zote zatoka Bara Hindi, tena kwa watu wa mashairi. Katika Kisanskrit silabi hupimwa uzito: iko nyepesi, iitwayo laghu, na iko nzito, iitwayo guru. Silabi yenye irabu fupi ni nyepesi. Yenye irabu ndefu, au irabu fupi inayofuatwa na konsonanti mbili, ni nzito. Bahari za mashairi yao zimejengwa juu ya mpango wa silabi hizo. Mwanachuoni aitwaye Pingala, ambaye wengi humweka katika karne ya 3 au ya 2 kabla ya Kristo, alitunga kitabu cha kanuni za bahari hizo, Chandahshastra. Kanuni zake ni fupi mno, maneno machache ya kukaririwa kwa moyo, nazo zilihitaji mfafanuzi. Katika karne ya 10 baada ya Kristo, Halayudha aliandika maelezo yake, na humo amefundisha waziwazi: chora mraba mmoja, chini yake miraba miwili, chini yake mitatu, na kuendelea, tia 1 katika miraba ya pembeni, na katika kila mraba wa kati tia jumla ya ile miwili iliyo juu yake. Mpangilio huo wakauita Meru-prastara, yaani mtandazo wa Mlima Meru. Meru huyo ni mlima mtakatifu wa masimulizi ya Kihindi, usimamao katikati ya dunia, wala si Mlima Meru wetu ulioko karibu na Arusha.

Kwa nini mshairi ahitaji namba hizo? Na tuchukue mstari wa silabi tatu. Ni mipango mingapi iwezekanayo? Mpango usio na silabi nzito hata moja ni 1; yenye nzito moja ni 3, maana nzito yaweza kukaa mwanzo, kati au mwisho; yenye nzito mbili ni 3; na wenye nzito zote tatu ni 1. Huo ndio mstari wetu wa tatu: 1 3 3 1. Sasa na tuongeze silabi ya nne mwishoni, kisha tutafute mipango yenye nzito mbili. Ikiwa silabi ya nne ni nyepesi, lazima zile tatu za kwanza ziwe na nzito mbili, na mipango hiyo ni 3. Ikiwa silabi ya nne ni nzito, lazima zile tatu ziwe na nzito moja, nayo pia ni 3. Jumla ni 6. Msomaji aona ya kuwa kule kujumlisha namba mbili za juu si mchezo wa tarakimu tu. Kila mstari wa shairi huzaliwa katika ulio mfupi kuliko huo kwa kuongezewa silabi, na silabi hiyo ina hali mbili tu.

Hapa wasomaji wetu wanaofundisha ushairi wa Kiswahili watakumbuka utenzi. Ubeti wa utenzi una vipande 4, na kila kipande mizani 8, jumla mizani 32. Nayo shloka ya Kisanskrit, ambayo ndiyo bahari kuu ya Mahabharata na Ramayana, ina vipande 4 vya silabi 8, jumla 32. Mwenye haraka, akikumbuka majahazi yaliyokwenda na kurudi kwa pepo za msimu kati ya pwani hizi mbili, angeweza kusema kwamba utenzi ulitoka Bara Hindi. Lakini na atazame sheria zenyewe. Utenzi hufungwa kwa vina: vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne huchukua kina cha shairi zima. Shloka haina vina. Shloka huweka sheria ya uzito, silabi fulani ziwe nyepesi na fulani nzito. Utenzi huhesabu mizani bila kuipima uzito. Kwa sheria ya utenzi vipande vyote vya mizani 8 ni sawasawa. Kwa kipimo cha Kihindi, silabi 8 zaweza kupangwa kwa namna 256, na katika hizo 70 zina nzito nne na nyepesi nne. Ndiyo namba iliyo katikati ya mstari wa nane. Hesabu ya nje ni moja, lakini viungo vya ndani ni mbalimbali. Mfano huu tuuweke akilini, maana utatufaa mbele.

Wahindi hawakuishia katika mashairi. Varahamihira, katika karne ya 6, aliandika habari za kutengeneza manukato, akasema ya kuwa katika vitu 16 vya harufu nzuri, mtu achaguapo 4 apata michanganyiko 1820. Hesabu yake ni sahihi. Ndiyo iliyo katika mstari wa kumi na sita. Mahavira, Mjaini wa karne ya 9, alitoa kanuni ya kuipata namba yoyote ya namna hiyo bila kuandika mistari yote: kwa mfano huo wa manukato, zidisha 16, 15, 14 na 13, kisha gawanya kwa 1, 2, 3 na 4 zilizozidishwa pamoja. Tena walikuwapo waliohesabu mashairi kwa muda wa kutamka, silabi nzito ikiwa sawa na nyepesi mbili. Wakaona ya kuwa mistari ya muda wa 1, 2, 3, 4, 5 ina mipango 1, 2, 3, 5, 8, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia. Hemachandra aliandika hayo yapata mwaka wa 1150. Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, aliandika namba zizo hizo mwaka wa 1202 katika fumbo la sungura wanaozaliana, nazo leo zaitwa namba za Fibonacci. Hata hizo zimo katika pembetatu yetu, ukijumlisha kwa mshazari: 1 na 3 na 1 ni 5.

Na tutoke sasa Bara Hindi twende kwa Waarabu, nao pia tutawakuta wakihesabu maneno. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd la Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeweka elimu ya arudhi, yaani vipimo vya mashairi ya Kiarabu. Ndiye pia aliyebuni kamusi iitwayo Kitab al-Ayn. Aliona ya kuwa herufi mbili hupangwa kwa namna 2, tatu kwa namna 6, nne kwa namna 24, na tano kwa namna 120. Akapanga kamusi yake kwa njia hiyo, ili asisahau neno. Wanavyuoni wa baadaye wamepokea kutoka kwake hesabu ya maneno yote yawezayo kutungwa kwa herufi 28, yenye herufi mbili mpaka tano pasipo kurudia herufi: 12,305,412. Tukiichunguza twaona ni sahihi. Kwa mfano, jozi za herufi katika herufi 28 ni 378, na kila jozi hupangwa kwa namna 2, ndipo hupatikana maneno 756 ya herufi mbili.

Aliyeitimiza kazi hiyo alikuwa Ibn Mun'im, mzaliwa wa Denia katika Andalusia, aliyefanya kazi Marrakesh na kufa mwaka wa 1228. Katika kitabu chake Fiqh al-Hisab alitaka kujua idadi ya maneno ambayo mwanadamu aweza kuyatamka kwa herufi za Kiarabu. Lakini hakuanza na herufi. Alianza na nyuzi za hariri. Alisema: tuna hariri za rangi 10, nasi twataka kufunga vishada, vya rangi moja ni vingapi, vya rangi mbili ni vingapi, vya rangi tatu ni vingapi? Akajenga jedwali, mstari juu ya mstari, akapata 10, 45, 120, 210, 252, kisha namba zikarudi zikishuka vilevile. Ndiyo pembetatu yetu, iliyoandikwa katika ardhi ya Afrika miaka 400 kabla ya Pascal. Baada ya vishada ndipo akarudi kwenye maneno. Twapenda mwalimu aone jinsi mwanachuoni huyu alivyotanguliza kitu cha kushikwa mkononi ndipo akaleta jambo la akilini.

Hata sasa tumewaona waliohesabu silabi, maneno, manukato na vishada. Kuna mlango wa pili, nao ni wa wale waliotafuta vipeuo. Mtu akitaka kujua upande wa sanduku la mraba lenye ujazo wa 1728, hukisia kwanza 10, kisha huona kwamba imebaki sehemu. Jibu ni 12, yaani 10 na 2; na 1728 yenyewe imefanyika kwa sehemu nne: 1000 mara moja; 10 mara 10 mara 2, mara tatu, ndiyo 600; 10 mara 2 mara 2, mara tatu, ndiyo 120; na 8 mara moja. Mara moja, mara tatu, mara tatu, mara moja: 1 3 3 1. Atakaye kutafuta vipeuo vya juu zaidi hana budi kuwa na mistari inayofuata.

Kwa mlango huo aliingia al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11. Kitabu chake hicho kimepotea, lakini jedwali lake limehifadhiwa na al-Samaw'al, Myahudi wa Baghdad aliyesilimu mwaka wa 1163, katika kitabu al-Bahir, nalo lafika mpaka mstari wa kumi na mbili. Al-Samaw'al hakujitwalia sifa. Alisema wazi kwamba jambo hilo ni la al-Karaji. Omar Khayyam wa Uajemi, aliyezaliwa mwaka wa 1048, naye ameandika ya kwamba alitunga kitabu juu ya vipeuo vya daraja zote. Hicho nacho kimepotea.

Kwa mlango uo huo waliingia Wachina, waliokuwa wakihesabu kwa vijiti juu ya ubao. Yang Hui alichora pembetatu mwaka wa 1261, akasema ya kuwa ilitumiwa na Jia Xian, mtu wa karne ya 11. Zhu Shijie aliichora tena mwaka wa 1303 mpaka mstari wa nane, akaiita njia ya kale. Adabu hii ya kumtaja mwalimu ndiyo iliyotuwezesha leo kujua yaliyokuwamo katika vitabu vilivyopotea.

Huko Ulaya pembetatu ilichapwa kwanza mwaka wa 1527, juu ya ukurasa wa jina wa kitabu cha hesabu za wafanya biashara cha Petrus Apianus wa Ujerumani. Mwaka wa 1544 ilichapwa na Michael Stifel, aliyekuwa mtawa na baadaye mchungaji wa Kilutheri. Habari za mchungaji huyu zafaa kukumbukwa. Alikuwa amezitumia namba vibaya, akipiga hesabu juu ya maneno ya Maandiko, akatangaza kwamba mwisho wa dunia ungekuja tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Saa ilipita, naye akakamatwa. Baada ya hayo alijitia katika hesabu ya kweli, akaandika kitabu bora, Arithmetica Integra. Mwaka wa 1556 Tartaglia wa Italia aliichapa pembetatu kama uvumbuzi wake mwenyewe, miaka 12 baada ya kitabu cha Stifel.

Blaise Pascal alizaliwa Clermont mwaka wa 1623, akafa mwaka wa 1662. Yeye aliingia kwa mlango wa tatu, nao ni kamari. Mwaka wa 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya swali hili: watu wawili wameweka kila mmoja sarafu 32 za dhahabu, na atakayetangulia kushinda mara tatu atatwaa zote 64, mmoja ameshinda mara mbili na wa pili mara moja, kisha mchezo umekatizwa. Wagawane vipi kwa haki? Wa kwanza amebakiza mara 1, wa pili mara 2. Kwa hiyo michezo miwili yatosha kumaliza. Mstari wa pili wa pembetatu ni 1 2 1, jumla 4. Katika hali hizo nne, moja tu yampa ushindi yule wa pili. Basi wa kwanza apewe 48, wa pili 16. Kutoka katika barua hizo ilikua elimu ya yamkini, ambayo bima yote imejengwa juu yake.

Mwaka uo huo Pascal aliandika kitabu kizima juu ya pembetatu, kilichotolewa mwaka wa 1665 baada ya kufa kwake. Sifa yake ya haki si kuivumbua. Ni kwamba alizikusanya kazi zake zote mahali pamoja, tena alithibitisha kanuni zake kwa njia iliyo wazi kuliko za waliomtangulia: ikiwa kanuni ni kweli katika mstari wa kwanza, na ikiwa ukweli wake katika mstari wowote walazimisha ukweli katika unaofuata, basi ni kweli katika yote, ijapokuwa mistari haina mwisho. Jina lake lilitiwa na wengine: Montmort mwaka wa 1708, na de Moivre mwaka wa 1730. Huko Iran watu husema pembetatu ya Khayyam. Huko Uchina, ya Yang Hui. Huko Italia, ya Tartaglia. Kila taifa limemchagua mtu wake, wala katika hao hakuna aliyekuwa wa kwanza.

Sasa turudi kwenye swali la kuazima. Tarakimu zetu zenyewe ziliazimwa kweli, nasi twajua kwa ushahidi. Leonardo wa Pisa aliziita tarakimu za Wahindi katika maandishi yake. Na jina la sifuri tumelipata kwa Waarabu, nao Wazungu walilipata huko huko. Hapa pana jina lililosafiri pamoja na kitu, na shahidi aliyeandika. Pembetatu haina alama hizo. Wahindi waliiita mlima, Wachina njia ya kale. Halayudha aliijenga kwa miraba ishukayo kama ngazi. Al-Karaji aliipanga kwa safu za jedwali. Pascal aliilaza katika pembe mraba. Mmoja alitafuta silabi, mmoja vipeuo, mmoja haki ya wacheza kamari. Mahali watu walipopatana kwa hakika, kama Yang Hui na Jia Xian, wamesema wenyewe. Penginepo, kufanana kwatosha kuelezwa kwa jambo lenyewe: mwenye kuongeza kitu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na hali mbili, hana njia ila kufika kwenye 1 3 3 1, awe Mhindi au Mwarabu.

Basi achunguzaye mila, akiona hadithi, bahari ya shairi au desturi moja katika nchi mbili, na aulize kwanza mambo matatu: je, jina limesafiri? Je, viungo vya ndani vyafanana, au hesabu ya nje tu? Je, yuko shahidi? Pasipo hayo, na asiharakishe kumfanya mmoja kuwa mwalimu na wa pili kuwa mwanafunzi. Maana hukumu hiyo huwanyima watu sifa ya akili zao wenyewe.

Na mwalimu afundishaye jambo hili darasani, aanze kama Ibn Mun'im. Na awasimamishe watoto watano, aulize ni kwa namna ngapi twaweza kuchagua wawili wa kwenda kuchota maji. Watapata 10, kisha wataikuta 10 hiyo katika mstari wa tano. Kuhusu jina, twashauri litumike lile ambalo Pascal mwenyewe alilitia juu ya kitabu chake, maana hakuiita kwa jina lake. Aliiita pembetatu ya hesabu.